Watu Wangapi Watoshe Kumchukia Saturnini

Asubuhi ile Augustino alifika kwa Bi Kulthumu anahema, soksi zake ndefu zimemporomokea viatuni, na wala hakuagiza uji. Hapo kijiwe kizima kikajua kuna jambo. Augustino tangu apewe ukarani wa kutafsiri hakimbii ovyo. Kaptula yake inapigwa wanga mpaka inasimama yenyewe, na kijiweni jina lake ni hilohilo, Kaptula.

“Jamani, amefika kutoka Nachingwea!”

“Nani, simba?” akauliza Kaimu. “Kama simba mwache aje, Bama yupo.”

“Mzungu! Mzungu wa kupima chuki.”

Bi Kulthumu akaacha upawa ndani ya chungu. “Chuki ya nani?”

“Yenu. Anataka kujua ninyi wenyeji mnawachukia kiasi gani watu waliovuka Ruvuma kuja huku.”

Macho yote yakamgeukia Saturnini. Saturnini alikuwa anafuta bakuli lake kwa kidole, hana habari.

Kijiwe chenyewe kilikuwa matairi matatu ya trekta, pembeni ya soko la Ruangwa, yakizunguka chungu cha uji cha Bi Kulthumu. Matairi aliyaleta Kaimu. Alikuwa utingo katika ule mpango mkubwa wa Wazungu wa kulima karanga kule Nachingwea, na mpango ulipokufa kila mtu alijichukulia urithi wake. Wengine walibeba mabati, wengine misumari, Kaimu akabingirisha matairi mpaka nyumbani, na toka siku hiyo akaitwa Tingatinga. Tairi la pili lilikuwa la Isihaka, Myao, askari mstaafu wa vita vya Bama, yaani Burma, naye wakamwita Bama, maana hakuna jambo duniani ambalo hakuliona huko. La tatu lilikuwa la Saturnini, Mmakua wa ng'ambo. Yeye alivuka mto miaka michache nyuma, viganja vimemvimba kwa kipigo, kwa kosa la kutofikisha pamba aliyolazimishwa kulima. Alipewa kipande cha ardhi njia ya Nkowe, akapanda mikorosho, na sasa mikorosho ilikuwa imemfika magotini.

Kaimu Mmwera, Saturnini Mmakua. Watani hao, tena watani wa damu moto. Tangu wajuane, Kaimu hakuwahi kumwita mwenzake kwa jina alilobatizwa, na Saturnini hakuwahi kumpa Kaimu shikamoo bila kuitia tusi ndani yake.

“Anaipimaje hiyo chuki?” Isihaka akauliza. “Kwa mizani?”

“Kitaalamu.” Augustino akavuta soksi moja juu, akakaa. “Watu wanagawanywa makundi mawili, kwa kura. Kundi la kwanza wanasimuliwa habari ya mtu wa ng'ambo, alivyopigwa, alivyokimbia. Kundi la pili wanasimuliwa namna ya kuhifadhi mtama usiliwe na fukusi.”

“Fukusi wanaingiaje hapo?”

“Hawaingii, ndiyo maana wamewekwa. Halafu makundi yote mawili yanaulizwa swali moja: mtu wa ng'ambo akitaka kulima jirani yako, utamkubali? Kila mtu anapewa karanga tano na bakuli. Ukimtaka sana unatia zote tano. Ukiwa humtaki hutii kitu. Tofauti ya makundi mawili ndiyo inaonyesha kama ile hadithi imelainisha mioyo.”

“Karanga!” Kaimu akapiga paja. “Wamezipata wapi? Tumeng'oa msitu mzima, tumejenga na reli, hatukuvuna za kujaza kofia!”

“Zimenunuliwa dukani kwa Mhindi.”

“Toba!”

“Sasa shida ya Bwana ni moja. Hajui aulize watu wangapi ndipo ajiamini. Akila anajiuliza wangapi, akioga anajiuliza wangapi.”

“Basi huyo ni Bwana Wangapi,” akasema Bi Kulthumu, na jina likamkaa mtu kabla hajaonekana sura.

“Watatu wanatosha,” Isihaka akakata shauri. “Bama tulikuwa tunapeleka watu watatu porini kutazama kama adui yupo. Wakirudi watatu, hakuna adui. Wakirudi wawili, adui yupo. Asiporudi mtu, adui ni wengi. Kuna haja gani ya wa nne?”

“Watatu!” Kaimu akainuka. “Ndivyo walivyofanya hao wa karanga! Walichota udongo wa kiganja kimoja, tena masika, ukawa laini, wakashangilia. Wakaleta matingatinga. Kiangazi kikaingia, udongo ukawa saruji, majembe yakakatika meno! Kwa kiganja kimoja cha udongo! Mimi nilikuwepo, nimekula vumbi hilo kwa macho yangu.”

“Kwa macho?”

“Kwa macho, kwa pua, kwa kila tundu. Huyo Bwana aulize kila mtu, na mbuzi awaulize.”

“Ninyi mnapiga kelele bure,” Bi Kulthumu akasema. “Mimi uji naonja kwa ncha ya upawa, nami najua chungu kizima.”

“Kwa sababu umeukoroga, dada,” Augustino akasema, na uso ukamng'aa maana swali hilo alikuwa ameshalifundishwa. “Uji uliokorogwa, ncha ya upawa inatosha. Lakini kapu la maembe je? Hili tamu, hili chachu, hili lina funza. Maembe yakitofautiana sana, lazima uonje mengi. Yakiwa yote mamoja, machache yanatosha. Kwa hiyo leo anakuja kuonja kidogo tu hapa kijiweni, aone ninyi mnatofautiana kiasi gani. Akishajua hilo, ndipo ataamua wangapi.”

“Na mimi nitaulizwa lini?” Saturnini akauliza.

“Wewe huulizwi. Wewe ndiye unayechukiwa.”

“Ala!” Saturnini akafurahi kabisa. “Basi dada, niongeze uji nitazame vizuri.”

Bwana Wangapi akaja. Kijana mwembamba, mwekundu shingoni, mpole wa kuhurumiwa, kofia kubwa kuliko mabega. Akapewa kigoda, akaweka bakuli la bati mbele ya Kaimu, akampimia karanga tano mkononi kwa adabu. Kisha akasema, na Augustino akatafsiri:

“Mtu wa ng'ambo, kwa mfano kama huyu hapa, akitaka kulima jirani yako, utamkubali?”

Jamani! Swali hilo unamwuliza mtu na mtani wake amekaa mbele yake anakunywa uji? Hapo umejitakia mwenyewe.

“Huyu?” Kaimu akaruka juu ya tairi. “Huyu mtumwa wa babu yangu? Bwana, huyu hakukimbia kipigo! Panya wa kwao ndio walimkimbia yeye wakavuka mto, naye akawafuata! Akilima karibu yangu, mihogo yangu itajing'oa ihame. Simpi shamba, simpi kaburi! Akifa nitamning'iniza juu ya mti akaukie huko!”

Wala hakutia karanga bakulini. Alizitupia zote tano kinywani, akazitafuna huku amemkodolea Saturnini macho.

Saturnini alikuwa anacheka uji unamtokea puani. “Babu yako mwenyewe tulimkamata sisi!” akajibu. “Tukamrudisha kesho yake, kwa ulafi!”

Bakuli likaenda kwa Isihaka. Isihaka akasema kule Bama aliona nyoka mwenye adabu kuliko Saturnini, hakutia kitu. Bi Kulthumu akasema mtu anayemaliza uji wake na bado anataka shamba huyo si mgeni, ni nzige, hakutia kitu. Wakapita wanaume wawili wa Narung'ombe wamebeba ufuta, wakaitwa, wakaulizwa. Waliposikia ni Mmakua wakatua mizigo chini ili watukane kwa nafasi. Bakuli likarudi kwa mwenyewe tupu.

Bwana Wangapi akalitazama bakuli lile kwa huzuni. Akamtazama Saturnini kwa huzuni zaidi. Akampa mkono, akaondoka.

“Mtu mwema,” Saturnini akasema. “Kwa nini anataka kulia?”

Kesho yake Augustino alikuja taratibu, soksi zimepanda vizuri mpaka magotini, akakaa bila salamu. Saturnini hakuwepo. Alikuwa anapalilia mikorosho yake.

“Bwana amepata hesabu yake,” akasema. “Bakuli limerudi tupu. Anasema watu wa hapa ni uji uliokorogwa, hawatofautiani hata kidogo, kwa hiyo hahitaji wengi. Watu kumi na wawili kila kundi. Wiki hii tunamaliza, taarifa inakwenda Nachingwea.”

“Na ikifika Nachingwea?” Bi Kulthumu akauliza.

“Huko wamesema kama wenyeji wanawachukia kiasi hicho, heri wageni waondolewe mapema pasije pakamwagika damu. Watapakiwa lori, wapelekwe mashamba ya mkonge pwani.”

“Na mikorosho yake?”

“Dada, mikorosho haipandi lori.”

 Uji ukachemka mpaka ukafurika juu ya moto, na Bi Kulthumu hakuugusa.

“Lakini si ulimwambia ule ni utani?” Kaimu akafoka. “Kaptula! Ulimwambia?”

“Nilimwambia. Akaniuliza, wanaosema huo ni utani ni wangapi? Nikasema, mimi. Akasema mmoja hatoshi.”

“Basi twende wote tukamwambie!”

“Mkienda mmeharibu. Akijua kwamba mnajua anachokipima, anatupa majibu yenu nje. Ndiyo taratibu yake. Nafasi ipo moja tu. Kesho anakuja kuonja mara ya pili, maana hakuyaamini macho yake. Hapo jibuni kama watu.”

 Kaimu alikuwa amekumbuka msiba wa baba yake. Siku ile aliganda, hakulia, hakula, watu wakamwogopa. Mara Saturnini akatoka chumbani amevaa kanzu ya marehemu, kikopo cha ugoro mkononi. Akapiga chafya zile za mzee za mfululizo, akafoka kwa sauti ya mzee mwenyewe: “Kaimu! Mbuzi umefunga?” Wajane wakaangua kicheko katikati ya kilio. Kisha akaenda akajilaza ndani ya kaburi, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Kaimu alicheka hata mbavu zikamwuma, na katika kucheka ndipo machozi yakapata njia. Bila ya mtu yule angepasuka. Na sasa maneno yake mwenyewe Kaimu, na karanga alizozitafuna, ndivyo vinampakia mtu yule lori. 

“Tutamsifu,” akasema.

“Kumsifu mtani?” Isihaka akashtuka. “Hadharani?”

“Mara moja tu. Ufumbe macho ikibidi. Jaribu. Sema, Saturnini ni mpole.”

“Saturnini ni…” Ulimi wa Isihaka ukakwama. Akakohoa. “Saturnini ni mpo… Bama sikuona jambo gumu kama hili!”

“Sema, mchapakazi.”

“Hilo naweza. Mchapakazi wa kula.”

“Isihaka!”

“Haya, mchapakazi. Basi. Nimechoka.”

“Na mwenyewe asiambiwe,” Augustino akaonya. “Akiambiwa atacheka, na akicheka Bwana atashtuka.”

Wakakubaliana. Hapo ndipo walipokosea, maana walifikiria kila mtu isipokuwa mwenye shughuli.

Asubuhi iliyofuata Saturnini alikuja na jembe begani, amejiandalia tusi lake la kufungulia siku. “Hamjambo, wajukuu wa mlafi?”

“Hatujambo, Bwana Saturnini,” Bi Kulthumu akajibu, akamfutia tairi kwa kitambaa. “Karibu ukae.”

Saturnini akatazama nyuma yake, kuona huyo Bwana Saturnini ni nani. Hakumwona mtu. Akakaa kwa upande, kama mwenye jipu.

Bwana Wangapi alikuwa tayari kwenye kigoda chake. Bakuli likaanza kwa Isihaka. Mzee akasimama wima kijeshi, akatazama mbali, akasema kwa mkupuo: “Bwana Saturnini ni mpole, mchapakazi, ana heshima kwa wakubwa na wadogo, alime anapotaka.” Karanga tano, to-to-to, zikalia bakulini. Akakaa akafuta jasho.

“Isihaka, unaumwa?” Saturnini akauliza.

“Sijambo, ahsante, Bwana.”

Bi Kulthumu naye akatia tano. Akasema tangu Bwana Saturnini aanze kunywa uji hapa, biashara imepata baraka. Saturnini akaweka bakuli lake la uji chini. Uso wake ulikuwa umeanza kukunjamana, na mikono hajui aiweke wapi.

Bakuli likafika kwa Kaimu. Kaimu alikuwa hakulala akitunga maneno, akayatoa yote bila kumtazama mwenzake. “Huyu ni mgeni wetu mheshimiwa. Tunamshukuru kwa kuja kwetu. Hatuna neno naye lolote.” Akatia karanga tano.

Bwana Wangapi akatabasamu mpaka masikioni. Augustino akashusha pumzi. Na Saturnini akasimama.

“Kaimu,” akasema polepole. “Nimekosa nini?”

“Hujakosa kitu, Bwana.”

“Mimi ni mgeni? Mheshimiwa?” Akajipiga kifuani. “Baba yako nimemzika mimi. Nimelala kaburini mwake kabla hajalala yeye. Leo huna neno na mimi lolote? Tusi moja huna? Mtu hasifiwi hivi ila amekufa au anafukuzwa. Kama mmenichoka mngenitukana niondoke kwa raha.” Akachukua jembe. “Nakwenda kufunga mzigo. Nimeshahama nchi nzima, sitashindwa kuhama Nkowe.”

Akaondoka. Uji ameuacha. Saturnini kuacha uji! Bi Kulthumu akajiziba mdomo kwa upande wa kanga.

Kaimu akatazama karanga zake tano bakulini. Akamtazama Bwana Wangapi anavyoandika kwa furaha. Akautazama mgongo wa mtani wake unavyokwenda, umeinama chini ya jembe.

“Liwalo na liwe!” akapiga kelele, akatimua mbio. Akamfikia penye vibanda vya samaki wakavu, akampokonya jembe, akambwaga chini.

“Unakwenda wapi, mtumwa? Nani kakupa ruhusa? Mlaji mkubwa wewe, panya wa Nkowe wote umewamaliza, sasa unataka kuhamia kwa panya gani? Hili jembe langu! Hiyo kofia yangu! Mikorosho ile yangu, wewe ni mlinzi tu, tena mlinzi mwizi! Ukivuka mto huo nitakufuata nikurudishe kwa kamba shingoni, kama babu yangu alivyomfunga babu yako!”

Saturnini amelala vumbini, anamtazama. Midomo ikamcheza. “Babu yako,” akasema, na machozi yanamtiririka, “babu yako alikuwa hawezi kufunga hata kikoi chake!”

Wakashikana mashati, wakagaagaa, soko zima likawazunguka kuwashangilia. Bwana Wangapi akaja mbio na bakuli lake na kofia mkononi, mwekundu mpaka kwenye kope.

“Anauliza,” Augustino akapiga kelele juu ya zogo, “unamtaka huyu mtu au humtaki?”

“Simtaki!” Kaimu akajibu, amemkumbatia Saturnini shingo. Akapeleka mkono bakulini, akazitoa karanga zake, akazila.

“Basi aondoke?”

“Akiondoka namwua!”

Isihaka kuona hivyo akarudisha zake mfukoni, akasema heshima yote aliyoisema alilazimishwa. Bi Kulthumu akatoa tatu, akarudisha mbili, akakasirika, akamwaga uji wa upawa aliokuja nao humohumo bakulini. Mwanamke wa Chunyu aliyekuja sokoni kuuza kuku akatia karanga tano, halafu akadai naye apewe tusi moja amtupie yule Mmakua, maana ameona wenzake wanafaidi. Bwana Wangapi alikuwa anaandika, anafuta, anaandika tena. Ghafla akachuchumaa, akaokota kijiti, akaanza kuchora hesabu mchangani.

“Ana nini?” Kaimu akauliza, bado amelaliwa kifuani.

“Ana furaha,” Augustino akasema, haamini. “Anasema mtu mmoja, mdomo mmoja, kwanza tano, halafu sifuri! Hajapata kuona watu wanaotofautiana namna hii, na kila mmoja anatofautiana mpaka na nafsi yake. Anasema si uji huu, ni maembe, tena kila embe lina utamu upande mmoja na funza upande wa pili. Kumi na wawili hawatoshi kabisa.”

“Wangapi?” kijiwe kizima kikauliza.

Bwana akapiga mstari wa mwisho kwa kijiti, akasimama, akasema.

“Elfu mbili na mia nne,” Augustino akatafsiri. “Kila kundi.”

“Sisi Ruangwa tunafika hao?”

“Hamfiki. Ataingia Nkowe, ataingia Chunyu, Narung'ombe, mpaka Nachingwea yenyewe. Na leo hii anaandikia ofisi kwamba watu wa ng'ambo wasiguswe hata mmoja mpaka amalize. Wakihamishwa, wenyeji wataulizwa kuhusu nani? Jaribio litaharibika.”

Hapo Saturnini akainuka akajikung'uta. “Wasiguswe na nani? Wahamishwe wapi?”

Wakamweleza yote: bakuli tupu, lori, mkonge, sifa. Akasikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi. Akamtazama Kaimu.

“Kwa hiyo ulikuwa unaniokoa.”

“Nani akuokoe wewe? Nilikuwa nalinda mikorosho yangu.”

“Usinisifu tena, Kaimu,” Saturnini akasema, na hilo hakulisema kwa utani. “Hata lori likija. Niliogopa kuliko siku ya kuvuka mto.”

“Sikusifu tena,” Kaimu akaahidi.

Basi kuhesabu kukaanza. Na kuhesabu watu wa Kusini, ndugu zangu, siyo mchezo. Masika njia hazipitiki. Mavuno watu wako shamba. Kwenye msiba huwezi kumwuliza mtu habari ya jirani. Kule Chunyu habari zikatangulia kwamba kuna Mzungu anagawa karanga, watu wakaulizwa mara tatu tatu kwa majina tofauti, ikabidi Chunyu nzima ifutwe ianzwe upya. Bwana Wangapi wa kwanza akarudi kwao, akaletwa mwingine, naye akarithi kigoda, bakuli na jina. Karani ni yuleyule, ila soksi zake sasa zilikuwa na viraka. Na kule njia ya Nkowe mikorosho ikapita magoti, ikapita kifua, ikampita Saturnini mwenyewe. Msimu wa kwanza ilipozaa, Kaimu alikwenda na gunia akachuma bila kuomba, kama mtani anavyopaswa.

Asubuhi moja Augustino akaja kijiweni na bakuli lake.

“Hesabu imebaki kidogo itimie,” akasema. “Nimepita nyumba hadi nyumba, hakuna ambaye sijamwuliza. Lakini kuna agizo jipya limetoka: kila mwenye mikorosho inayozaa ahesabiwe mwenyeji.” Akavuta kigoda, akakiweka mbele ya tairi la tatu. “Saturnini, zamu yako.”

“Mimi?”

“Wewe. Mwenyeji. Na kura imekutupa kundi la kwanza, la hadithi. Usinikatize.”

Akamsomea. Kulikuwa na mtu ng'ambo ya Ruvuma, alilazimishwa kulima pamba, pamba haikutosha, akapigwa viganja mpaka vikavimba, akashindwa kushika jembe. Akauacha mji wake, akavuka mto akiwa na nguo moja, akafika nchi ya watu asiowajua.

Saturnini alisikiliza ameinamisha kichwa, viganja vyake vimelala wazi juu ya mapaja. Bi Kulthumu hakukoroga. Hata Isihaka hakutaja Bama.

“Lo, maskini,” Saturnini akasema mwisho wake. “Walimpokea?”

“Swali ni langu mimi. Mtu huyo akitaka kulima jirani yako, utamkubali?”

Saturnini akazichukua karanga tano, akazitia bakulini moja moja, zote. Kisha akafuta macho kwa mkono wa shati, akapiga funda la uji.

Kaimu alikuwa anamtazama, amekumbuka siku ile ya msiba. Akajua akikaa kimya kidogo tu atalia mbele ya watu. Akaruka juu ya tairi.

“Mnaona? Mnaona?” akapiga kelele, amemnyooshea kidole. “Bama hakumpa kitu mtu wa ng'ambo, Bi Kulthumu hakumpa kitu, mimi nimekula karanga zote. Wenyeji wa kijiwe hiki tumemkataa kwa kauli moja, huyu peke yake ndiye aliyempenda! Kaptula, futa jina lake! Nimesema tangu mwanzo, huyu si mwenyeji!”

Saturnini akaangua kicheko, uji ukamtokea puani, ukamrukia Augustino kwenye kaptula.